"Unasoma Gazeti Gani?" Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Magazeti ya Uingereza na Siasa za Wasomaji Wake

Nimeishi Uingereza miaka mingi, na haipiti wiki bila ndugu au jamaa kunitumia habari kwenye WhatsApp, kutoka Tanga, Nairobi au Muscat, akiuliza: "Hili gazeti ni la watu gani? Tuliamini?" Mara nyingi habari yenyewe ni ya viza, wahamiaji au Afrika, na watu wanaipangia maisha. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa zaidi. Nimeyajibu kwa urefu tofauti, maana mengine yana historia ndefu na mengine hayana.

## Kwa nini Mwingereza akitaka kujua siasa zako hukuuliza unasoma gazeti gani?

Kwa sababu kwao gazeti limefanya kazi ambayo kwetu hufanywa na swali la "kwenu wapi?" Mjibu mtu wa Mombasa kwamba kwenu ni Pate, au mtu wa Nairobi kwamba kwenu ni Bondo, tayari ameshakujengea picha: unaongeaje, unakula nini, kura yako inaelekea wapi. Uingereza ukisema "nasoma Guardian" au "nasoma Daily Mail", mambo ni yaleyale. Wanakukisia kazi, mtaa, chakula, hata viatu, kabla hujafungua kinywa mara ya pili.

Jambo hili lina sababu yake. Uingereza ni nchi ndogo na reli ilifika miji yake mapema. Gazeti lililochapwa London usiku lilikuwa mezani Newcastle na Cardiff asubuhi. Kwa hiyo magazeti makubwa hayakugawana nchi kwa miji, kama yalivyofanya mengi ya Marekani. Yote yaliuzwa nchi nzima, kila moja likimwinda mnunuzi yuleyule. Yakabaki kugawana watu kwa tabaka, elimu na siasa.

## Nitajie basi. Msomaji wa gazeti gani husemwa vipi?

Nitasema yanayosemwa. Kama ni ya kweli, tutafika huko.

Msomaji wa Guardian husemwa kuwa ni mwalimu, mhadhiri au ofisa ustawi wa jamii. Anakula dengu, anavaa makubadhi na soksi, anaendesha baiskeli, anakaa Islington kaskazini mwa London, na anaumia kwa ajili ya watu wa mbali kuliko jirani yake. Ile sehemu ya ualimu ina chanzo chake. Kwa miaka mingi matangazo ya kazi za serikali yalijaa katika Guardian: za elimu siku ya Jumanne, za huduma za jamii Jumatano. Mtu aliyetafuta kazi ya kufundisha alilinunua Jumanne, apende siasa zake asipende. Kazi na gazeti vikashikana mpaka watu wakasahau kwamba vilikutana kwenye kurasa za ajira. Jina lake la utani ni Grauniad, kwa kuwa zamani lilisifika kwa makosa ya uchapaji.

Wa Daily Telegraph ni kanali mstaafu wa kusini, mwenye bustani, mbwa na barua ya hasira kwa mhariri. Mji wa Tunbridge Wells huko Kent umebeba mzigo huu peke yake. Ukisema "aliyechukizwa wa Tunbridge Wells", kila Mwingereza anajua unamaanisha mtu wa namna gani. Gazeti huitwa Torygraph, kwa kuwa Tory ni jina la mtaani la mtu wa Conservative, chama cha wahafidhina.

Daily Mail ni la tabaka la kati la vitongojini: mtu mwenye nyumba yake, anayehofia kodi, bei ya nyumba, maradhi na wageni. Tangu kuanzishwa liliwatengea wanawake kurasa zao, na mpaka leo linajulikana kwa wasomaji wengi wa kike. Sun ni la fundi anayeendesha gari jeupe la mizigo, mpenda mpira na bia. Kuanzia 1970 hadi 2015 ukurasa wake wa tatu ulikuwa na picha ya msichana kifua wazi, na hilo peke yake lilitosha kulipa sura. Mirror ni la mwanachama wa chama cha wafanyakazi, mpiga kura wa chama cha siasa cha Labour tangu babu. Express ni la wazee wanaomkumbuka Binti Mfalme Diana na kuogopa theluji. Times ni la majaji na wakuu wa shule. Financial Times, lenye karatasi ya waridi tangu 1893, ni la mabenki. Morning Star ni la Wakomunisti, ingawa wapo walionunua kwa ajili ya utabiri wake wa mbio za farasi, uliokuwa na sifa nzuri kweli.

Mzaha wa kuwapanga wasomaji hivi, gazeti kwa gazeti, ulionyeshwa katika kipindi cha vichekesho vya siasa cha BBC mwaka 1987, na bado watu wanautumiana kana kwamba umetungwa jana.

## Picha hizi zilitoka wapi?

Nyingine zilizaliwa na magazeti yenyewe. Guardian lilianzishwa Manchester mwaka 1821 na John Edward Taylor, miaka miwili baada ya askari wa farasi kuvamia umati uliokuwa ukidai haki ya uwakilishi bungeni katika uwanja wa St Peter's Field. Watu wasiopungua 15 walikufa. Gazeti lililozaliwa na tukio kama hilo haliwezi kukua bila sura ya siasa. Telegraph lilizaliwa 1855, mwaka ambao ushuru wa stempu kwenye magazeti ulifutwa na bei zikashuka. Daily Mail lilianzishwa na Alfred Harmsworth Mei 1896 kwa nusu peni, likiwalenga makarani na wake zao, watu waliojua kusoma lakini hawakuwa na nafasi katika Times. Inasimuliwa kwamba waziri mkuu wa wakati huo, Lord Salisbury, alilidharau akisema limeandikwa na makarani kwa ajili ya makarani. Tazama dharau hiyo vizuri. Msomaji ndiye anayetukanwa, na kazi yake ndiyo inayofanywa kosa. Mpaka leo mfumo wa matusi haya ni uleule.

Lakini hadithi inayonigusa zaidi ni ya Daily Herald. Lilianza 1911 kama karatasi ya wachapaji waliokuwa kwenye mgomo, likawa gazeti la vyama vya wafanyakazi, na katika miaka ya 1930 lilikuwa la kwanza kufikisha nakala milioni mbili kwa siku. Lilipofika miaka ya 1960 bado lilikuwa linauza zaidi ya milioni moja, kuliko Times, Guardian na Financial Times yakijumlishwa. Hata hivyo lilikufa. Wasomaji wake walikuwa wazee na maskini, na mtangaza biashara hakutaka kulipia macho ya mtu asiye na fedha. Mwaka 1964 likabadilishwa jina likaitwa Sun. Mwaka 1969 Rupert Murdoch, mmiliki wa magazeti kutoka Australia, akalinunua kwa bei ndogo. Mwaka 1978 likalipita Mirror kwa mauzo, na 1979 likamuunga mkono Margaret Thatcher wa Conservative. Gazeti la wagomaji likawa gazeti la mama aliyevunja migomo, ndani ya miaka 15, na wengi wa waliolisoma walikuwa watoto wa wasomaji wa Herald.

Hapo ndipo ninapoona mzizi wa mambo. Matangazo ya biashara yalihitaji wasomaji waliopangwa kwa daraja. Tangu katikati ya karne iliyopita watafiti wa soko waliwapanga Waingereza kwa herufi, kuanzia A kwa mkurugenzi hadi E kwa mtu anayeishi kwa pensheni ya serikali tu, na kila gazeti likaenda kwa watangazaji na herufi zake mkononi: wetu ni wa A na B, njoo uuze saa za dhahabu, wetu ni wa C2, yaani mafundi, njoo uuze sigara. Gazeti lenyewe ndilo lililokuwa la kwanza kumbandika msomaji wake lebo, kwa kuwa lilikuwa linamuuza.

## Je, kuna ukweli wowote?

Upo, na mwingine ni mkubwa. Baada ya uchaguzi wa Juni 2017 shirika la kura za maoni la YouGov liliwauliza watu walipiga kura wapi na wanasoma nini. Kwa wasomaji wa Telegraph, asilimia 79 waliichagua Conservative. Kwa wasomaji wa Guardian, asilimia 73 waliichagua Labour. Mail ilikuwa asilimia 74 Conservative, na Mirror asilimia 68 Labour. Anayesema picha zote ni uzushi hajaziangalia hesabu hizi.

Sasa tazama upande wa pili wa hesabu hizohizo. Sun, ambalo ukurasa wake wa mbele ulimshambulia kiongozi wa Labour, Jeremy Corbyn, lilikuwa na asilimia 59 tu kwa Conservative na asilimia 30 kwa Labour. Karibu msomaji mmoja kati ya watatu alilipa fedha yake, akasoma kwamba chama chake ni balaa, akafungua kurasa za mpira, kisha akaenda kukipigia kura. Katika Mirror, karibu mmoja kati ya watano alikuwa Conservative.

Niliwahi kufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee kaskazini mwa Uingereza. Kulikuwa na mzee mmoja, mchimba makaa ya mawe tangu ujana, aliyegoma mwaka mzima wa 1984 hadi 1985 na ambaye hakuweza kulisikia jina la Thatcher bila kugeuza uso. Kila asubuhi nilimpelekea Daily Mail. Siku moja nikamuuliza, "Mzee, hili si gazeti la wapinzani wako?" Akaniambia marehemu mkewe ndiye aliyelipenda, na yeye hujaza fumbo la maneno ambalo walikuwa wakijaza pamoja. Ungemwona kwenye basi na gazeti lile mkononi ungeapa unamjua.

## Gazeti humgeuza msomaji, au msomaji huchagua gazeti linalosema anayoyaamini tayari?

Yote mawili, na Waingereza wamebishana juu ya hili tangu Aprili 1992. Siku ya uchaguzi Sun liliweka kichwa cha Neil Kinnock wa Labour ndani ya balbu ya taa, likimwomba mtu wa mwisho kuondoka Uingereza azime taa iwapo Kinnock atashinda. Kinnock alishindwa. Siku mbili baadaye gazeti likajisifu kwa lugha ya mtaani kwamba Sun ndilo lililoshinda. Watu wengi waliamini, wanasiasa kuliko wote. Tony Blair, kiongozi mpya wa Labour, alisafiri hadi Australia mwaka 1995 kuhutubia mkutano wa kampuni ya Murdoch, na Machi 1997 Sun likahamia kwake.

Uhamaji huo uliwapa watafiti nafasi adimu. Wamarekani wawili, Jonathan Ladd na Gabriel Lenz, walitumia data ya watu waliohojiwa kabla na baada ya 1997, wakawalinganisha waliokuwa wakisoma magazeti yaliyohama na wengine wanaofanana nao. Walikuta kwamba magazeti yaliwavuta kweli baadhi ya wasomaji wao kwenda Labour. Si wote, wala si wengi wao, lakini zaidi ya wale ambao mtu angewaita wachache.

Ushahidi wa pili unatoka Liverpool, na huo una machungu.

## Kwa nini watu wa Liverpool hawaligusi Sun?

Tarehe 15 Aprili 1989 mashabiki wa Liverpool walibanwa hadi kufa katika uwanja wa Hillsborough, Sheffield. Idadi ya waliokufa imefika 97. Siku nne baadaye Sun liliandika ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa, kwamba huo ndio ukweli: mashabiki waliwaibia maiti na kuwakojolea polisi. Ulikuwa uongo. Uchunguzi huru uliotoka 2012 uliuanika, na mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama liliamua kwamba mashabiki waliuawa isivyo halali na kwamba hawakuwa na lawama. Wengi wa waliokufa walikuwa vijana, wengine watoto.

Mji uliacha kulinunua. Zaidi ya miaka 30 baadaye, wapo wenye maduka Liverpool ambao hawaliweki kwenye rafu. Watafiti Florian Foos na Daniel Bischof waliliangalia jambo hili kwa jicho jingine. Sun lilikuwa likiupinga Umoja wa Ulaya kwa nguvu kwa miongo mingi, na hapa palikuwa na eneo zima la wafanyakazi, watu wa aina ileile inayosemwa ndiyo wasomaji wake, walioacha kulisoma kwa sababu isiyohusiana na Ulaya hata kidogo. Walikuta kwamba chuki dhidi ya Ulaya ilipungua huko ikilinganishwa na maeneo mengine. Katika kura ya Juni 2016 Liverpool ilichagua kubaki ndani ya Umoja, wakati miji mingi ya wafanyakazi kaskazini ilichagua kutoka.

Kwa hiyo mtu akikwambia "wale wa tabaka la chini wako hivyo tu", mkumbushe Liverpool.

## Imekuwaje "msomaji wa Guardian" na "msomaji wa Daily Mail" yawe matusi?

Oktoba 2022, Suella Braverman akiwa waziri wa mambo ya ndani alisimama bungeni kulaumu waandamanaji waliokuwa wakifunga barabara. Katika orodha ya wa kulaumiwa akawataja wasomaji wa Guardian wanaokula tofu, ile jibini ya soya. Kesho yake alijiuzulu kwa jambo jingine, lakini maneno yale yalibaki. Sentensi moja tu, na ndani yake gazeti, chakula na siasa vimefungwa furushi moja. Hakuhitaji kusema waandamanaji walikosea wapi.

Upande wa pili hufanya vivyo hivyo. Ukitaka kumnyamazisha mtu katika kikao cha wasomi unamwambia "umeanza kuongea kama Daily Mail." Wanayo ya kushika. Januari 1934 gazeti hilo lilisifia Mashati Meusi, kundi la kifashisti la Oswald Mosley. Novemba 2016, majaji watatu walipoamua kwamba bunge lazima liidhinishe kuanza kwa safari ya kutoka Ulaya, Mail liliweka picha zao ukurasa wa mbele na kuwaita maadui wa umma. Niliuona ukurasa ule dukani asubuhi hiyo na nikaogopa. Sisi tunaotoka nchi ambazo majaji wamewahi kutishwa tunajua maneno hayo yanaweza kufika wapi.

Lakini gazeti hilohilo, chini ya mhariri yuleyule, Paul Dacre, lilichapisha Februari 1997 picha za vijana watano Weupe na kuwaita wauaji wa Stephen Lawrence, kijana Mweusi aliyechomwa kisu kituo cha basi Eltham mwaka 1993. Likawaambia kama ni uongo wakalishtaki. Hawakulishtaki. Wawili kati yao walihukumiwa Januari 2012. Miaka mingi baadaye, 2022, mama yake Stephen, Doreen Lawrence, alifungua kesi dhidi ya wachapishaji wa Mail akidai walipata habari zake kwa njia haramu, kampuni ilikana. Hebu jaribu kuyaweka yote haya ndani ya maneno mawili, "msomaji wa Mail". Hayaenei.

## Je, Guardian ndilo gazeti linalotutetea sisi Waafrika?

Hivyo ndivyo wengi wetu tunavyoamini, na kwa mambo mengi limefanya kazi ya maana. Ila Taylor na karibu wote waliomchangia mtaji mwaka 1821 walikuwa wafanyabiashara wa Manchester, na Manchester ilikuwa ikiishi kwa pamba. Pamba hiyo ililimwa na watumwa. Machi 2023 wamiliki wa Guardian, taasisi ya Scott Trust, walichapisha matokeo ya utafiti juu ya jambo hili, wakaomba radhi, na kuahidi zaidi ya pauni milioni 10 kwa muda wa miaka kumi kwa jamii zilizotokana na watumwa wale huko Jamaika na visiwa vya pwani ya kusini mashariki mwa Marekani. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, gazeti hili la waliberali lilikuwa na maneno makali dhidi ya Abraham Lincoln.

Hata ile imani kwamba Guardian ni Labour siku zote haina msingi. Mwaka 2010 liliwaambia wasomaji wake wakichague chama kingine, Liberal Democrats.

## Mmiliki mmoja anaweza kuwa na magazeti yenye siasa tofauti?

Anaweza, na hili huwashangaza Waingereza wenyewe. Katika kura ya Ulaya ya 2016, Sun la Murdoch lilisema tutoke na Times la Murdoch huyohuyo likasema tubaki. Daily Mail likasema tutoke, dada yake Mail on Sunday akasema tubaki. Aprili 2015, siku moja, Sun la Uingereza liliwaunga mkono Conservative wakati toleo lake la Uskoti liliunga mkono chama cha SNP kinachotaka kujitenga. Na tangu 2018 Mirror la Labour na Express la wahafidhina yako chini ya kampuni moja, iitwayo Reach. Wasomaji wake wanadharauliana kwenye baa, faida inaingia mfuko mmoja.

## Financial Times ni la matajiri. Kwa nini liliunga mkono Labour?

Lilifanya hivyo 1992, na mara nyingine baadaye, 2024 ikiwemo. Benki hutaka utulivu na hesabu zinazoeleweka. Chama kitakachoonekana kuvileta ndicho kitakachopata tahariri.

## Je, magazeti haya ni ya vyama, kama Uhuru lilivyo la CCM?

Hapana. Mtanzania akisikia "gazeti la Conservative" anafikiria Uhuru, gazeti linalomilikiwa na chama. Telegraph halimilikiwi na Conservative, wala Mirror na Labour. Ni biashara binafsi zinazochagua upande, na zinaweza kuhama kesho yake, kama Sun lilivyofanya 1997, likarudi 2009, likahama tena 2024 siku moja kabla ya kura.

Mkanganyiko mwingine unatokana na BBC. Wengi wetu tulimjua Mwingereza kupitia redio ya BBC Idhaa ya Kiswahili, na tukadhani vyombo vyao vyote vinajizuia kama BBC. Redio na televisheni za Uingereza zinabanwa na kanuni za kutopendelea upande. Magazeti hayabanwi. Yanaruhusiwa kumwambia msomaji waziwazi ampigie nani kura, asubuhi ya uchaguzi, ukurasa wa mbele.

Na mmiliki ana mkono mrefu, kama sisi wa Afrika Mashariki tulivyopaswa kujua mapema. Kati ya 1981 na 1993 Observer, gazeti la Jumapili la waliberali, lilikuwa mali ya Lonrho ya Tiny Rowland, kampuni ileile iliyomiliki Standard la Nairobi na ambayo serikali ya Nyerere iliitaifishia mali zake Tanzania mwaka 1978. Mwaka 1984 mhariri Donald Trelford alikwenda Zimbabwe na kuandika juu ya mauaji ya raia Matabeleland. Rowland, mwenye biashara kubwa Zimbabwe, alimkemea hadharani. Habari ilichapishwa kwa sababu mhariri alikataa kuinama. Msomaji wa Observer aliyekunywa chai yake Jumapili ile hakuwa na njia ya kuyaona hayo kwenye jina la gazeti.

## Sisi wahamiaji husemwa tunasoma lipi?

Husemwa ni Guardian au Mirror, kwa kuwa inadhaniwa mhamiaji lazima awe Labour. Watu wetu wenyewe wameikanusha dhana hiyo. Rishi Sunak, waziri mkuu wa Conservative kuanzia 2022 hadi 2024, baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika. Wazazi wa Priti Patel walitoka Uganda. Baba yake Braverman, huyohuyo wa tofu, alitoka Kenya mwaka 1968. Familia nyingi za Wahindi wa Afrika Mashariki zilianza maisha mapya kwa kufungua duka la magazeti kwenye kona ya mtaa, likifunguliwa alfajiri. Walimuuzia kila Mwingereza gazeti lake na kumjua kwa jina. Kama kuna watu wanaojua nani hasa ananunua nini, ni wao.

## Siku hizi watu wanasoma kwenye simu. Mambo haya bado yapo?

Magazeti ya karatasi yameporomoka. Independent liliacha karatasi Machi 2016. Sun lililouza zaidi ya milioni nne kwa siku mwishoni mwa miaka ya 1980 liliacha kutangaza hesabu zake mwaka 2020, mwaka ambao Mail lililipita. Lebo zimebaki, labda zimekuwa kali zaidi, kwa kuwa anayezitumia sasa mara nyingi hajawahi kulishika gazeti analolitukana. Tovuti ya Mail inasomwa na watu wa kila upande kwa habari za mastaa. Guardian haliwalipishi wasomaji wa tovuti yake, kwa hiyo linasomwa Kampala na Chicago na watu ambao hawajui Islington ni nini.

## Basi ndugu akinitumia habari, nifanye nini?

Usianze na jina la gazeti. Tazama kwanza kama ulichopewa ni habari au ni maoni ya mwandishi. Kwenye simu vinafanana, lakini maoni huwa na picha ya uso wa mwandishi au neno la kuonyesha kwamba ni maoni. Kisha tafuta tukio lilelile katika gazeti la upande wa pili. Serikali ilipotangaza Desemba 2023 kwamba wafanyakazi wa kutunza wazee hawataruhusiwa tena kuleta wake, waume na watoto, nilipokea jumbe za watu waliodhani hata walioko tayari watafukuzwa. Magazeti yaliyofurahia na yaliyohuzunika yalikuwa na tarehe moja: sheria ilianza 11 Machi 2024, kwa maombi mapya. Penye kukubaliana kwa mahasimu, hapo simama.

Halafu soma mpaka chini. Magazeti haya yote, la kanali na la mwalimu, huweka jibu la anayelaumiwa karibu na mwisho, aya mbili au tatu kabla ya habari kuisha, mahali ambapo kidole cha msomaji wa simu kwa kawaida hakifiki.